Nani Amsemee Mgonjwa Asiyeweza Kusema?

Mwezi wa Februari 1990, katika jimbo la Florida nchini Marekani, Terri Schiavo, mwanamke wa miaka 26, alianguka nyumbani baada ya moyo wake kusimama. Ubongo ulikosa oksijeni, naye hakuweza kusema tena. Aliishi miaka 15 akilishwa kwa mrija. Mumewe alieleza kuwa mkewe aliwahi kusema asingependa kuishi hivyo. Wazazi wake walipinga. Hapakuwa na maandishi yoyote. Shauri lilizunguka mahakamani kwa miaka mingi, hadi mrija ukaondolewa, naye akafariki tarehe 31 Machi 2005.

Katika wodi za Afrika Mashariki pia, mgonjwa wa kiharusi hufikishwa akiwa hajitambui. Kando ya kitanda husimama mke, kaka mkubwa, shangazi na mtoto aliyetoka safari. Wote wampenda, lakini kila mmoja ana jibu lake kuhusu mashine ya kupumulia. Mara nyingi mwenye kulipa gharama ndiye husikilizwa, naye huenda asiwe ndiye amjuaye mgonjwa zaidi.

Kinga ni mazungumzo ya mapema. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au saratani, angali na akili timamu, amteue msemaji mmoja na kumweleza mbele ya ndugu: hali ipi haivumilii, tiba ipi yuko tayari kujaribiwa, na wapi angependa kuuguzwa mwishoni. Wengi huyaona maneno hayo kuwa uchuro. Ajabu ni kwamba mzee agawaye shamba angali hai husifiwa kwa busara.

Msemaji hachagui alipendalo yeye, bali hujibu kama mgonjwa mwenyewe angejibu. Kwa sababu hiyo mtoto kipenzi si lazima awe ndiye afaaye.

Mhudumu wa afya naye asingoje usiku wa dharura. Siku ya kliniki yatosha kuuliza: “Ukizidiwa ukashindwa kusema, tumuulize nani?” Jina na namba ya simu viandikwe kwenye jalada, kwani karatasi iliyofungiwa sandukuni haimfikii daktari wa zamu. Familia ielezwe pia kwamba kukataa mashine si kukataa matibabu: dawa za maumivu, usafi na faraja huendelea. Na maadamu mgonjwa aweza kujieleza, hata kwa kutikisa kichwa, huulizwa yeye kwanza, na ana haki ya kubadili aliyoyasema jana.