Kudhibiti Vihatarishi katika Karakana ya Uchomeleaji

Mwongozo huu unawahusu mafundi wachomeleaji, wasaidizi wao na wasimamizi wa karakana. Msingi wake ni mmoja: kihatarishi hukabiliwa kwanza kwenye chanzo chake. Vifaa kinga ni vya kumlinda fundi dhidi ya kile kilichoshindikana kuondolewa.

1. Kabla ya kazi
Msimamizi na fundi wakague eneo pamoja, na kwa kila kihatarishi wafuate mpangilio huu:
(a) Kiondolewe kabisa. Kiungo kinachoweza kukazwa kwa bolti hakihitaji moto.
(b) Kibadilishwe kwa kitu au njia yenye madhara madogo zaidi.
(c) Kitengwe na watu kwa pazia, gadi au feni ya kuvuta moshi.
(d) Kiwekewe utaratibu: mafunzo, zamu na kibali cha kazi ya moto.
(e) Mwisho, fundi avae vifaa kinga vinavyofaa na vilivyo vizima.

2. Moshi
Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa kwa binadamu. Chomelea penye hewa ya kutosha, na usiinamishe uso juu ya moshi. Chuma kilichopakwa zinki kinapochomwa huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Ondoa zinki kwanza kwenye sehemu ya kuunganisha. Mafundi wengi hutegemea maziwa baada ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi umeingia mapafuni.

3. Moto na mlipuko
Usichomelee pipa au tangi lililowahi kubeba petroli kabla halijasafishwa na kupimwa na mtu mwenye ujuzi. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulipuka. Ondoa vitu vinavyoshika moto hadi umbali wa mita 11. Kazi ikiisha, mtu abaki akilinda eneo kwa saa moja. Mitungi isimame wima na ifungwe kwa mnyororo. Mafuta na grisi visiguse kabisa vali ya oksijeni.

4. Grinda
Gadi isiondolewe kwa sababu yoyote. Usifunge diski kubwa kwenye mashine ndogo: grinda ya milimita 115 huweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski ya milimita 230 kwa kawaida huhimili takriban 6,600. Ikizidishiwa kasi hupasuka, na vipande vyake huua. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha diski.

5. Matengenezo ya mashine
Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae na anayetengeneza. Kisha jaribu kuwasha, uhakikishe mashine haina umeme.

6. Wajibu
Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka anayejiondoa penye hatari kubwa na ya karibu asiadhibiwe. Kwa hiyo kila fundi, hata msaidizi aliyeanza juzi, akiona hatari aruhusiwe kusimamisha kazi, na msimamizi aikague kabla ya mtu yeyote kuendelea.