Kompyuta Inayochelewa Kuamka

Wanachama kadha wametuuliza: kompyuta ya daftari za karafuu, mbona mtu huiwasha, akanywa kahawa yake akamaliza, nayo haijawa tayari? Msimu wa kuchuma, wachumaji wamesimama mlangoni wakingoja hesabu ya pishi zao, jambo hili si dogo.

Mara nyingi si uzee. Programu nyingi, zikishatiwa, hujiandikisha zenyewe ziamke pamoja na mashine, zikagombea mlango mmoja. Katika Windows 10 na 11, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha likiwa dogo, bonyezeni More details, kisha mwende penye neno Startup. Ile msiyoihitaji asubuhi ichagueni, mbonyeze Disable. Haifutwi, mtakapoiita itafunguka. Lakini ya kuzuia virusi msiiguse, wala ile msiyoijua kazi yake.

Ikiwa bado nzito, tazameni diski. Ya zamani ni sahani izungukayo, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kijikono huhangaika juu yake kutafuta kilichoandikwa. Ile iitwayo SSD haina kinachozunguka, nayo husoma kwa kasi zaidi sana. Muuzaji atawashauri mnunue mashine mpya (naye ana watoto wa kulisha), lakini sisi twaona diski kwanza. Ila kabla fundi hajaigusa, nakilini daftari zote mahali pengine: hesabu ya mchumaji ikipotea, hapana wa kuithibitisha.