Redio haisikiki? Pima antena kwanza

Ndugu zetu, baadhi yenu mnalinda mageti ya Westville usiku. Mlinzi akiita asisikike, msaada hauji. Mara nyingi redio ya getini au ya gari ni nzima, ila antena au kebo ndiyo mbovu. Kipimo chake ni watimita. Omba ruhusa ya msimamizi, kisha fuata hatua hizi:

1. Zima redio. Funga watimita kati ya redio na kebo ya antena. Iwe inafaa kwa masafa na wati za redio hiyo.

2. Washa. Chaneli ikiwa kimya, bonyeza kitufe cha kuongea kwa sekunde chache, usome wati zinazokwenda. Mtu asiguse antena.

3. Geuza swichi, usome wati zinazorudi.

Zikienda 25 ikarudi 1, ni asilimia 4 tu: antena inapokea vizuri. Zikienda 16 zikarudi 4, robo nzima imekataliwa. Acha kurusha, kagua plagi na kebo. Hewa ya chumvi ya Durban huzila.

Angalia pia: kebo iliyoingia maji humeza nguvu, hivyo zinazorudi huonekana chache. Kwa hiyo pima tena upande wa antena. Na usibadilishe masafa: hapa huruhusiwa kwa leseni ya ICASA.

Andika namba na tarehe daftarini. Siku ukiambiwa hukuita, utakuwa na la kuonyesha.