SOMO LA KUSOMA NA KUPIMA: TUHUMA HUPIMWA GUNIA KWA GUNIA



Wengi wetu tulipohitimu kisomo tulidhani kila kilichopigwa chapa ni kweli. Gazeti likisema fulani mwizi, basi mwizi. Kitabu kikisema fulani mtu mwema, basi mwema. Je, kitabu na televisheni vikipingana, tumwamini nani? Leo tutumie mfano mmoja wa kweli.

Kitabu kilisema nini?

Greg Mortenson ni Mmarekani. Utoto wake aliupitia hapa kwetu, Moshi, ambako baba yake alishiriki kuanzisha Hospitali ya KCMC. Mwaka 1993 alijaribu kupanda mlima K2 huko Pakistani, asifike kileleni. Mwaka 2006 kilitoka kitabu chake, Three Cups of Tea, alichoandika pamoja na David Oliver Relin. Humo tunasoma kuwa wakati wa kushuka alipotea njia, akaingia kijiji cha Korphe akiwa hoi. Wanakijiji wakamtunza, naye akawaahidi shule.

Shule hiyo ilijengwa kweli. Chama chake cha hisani, Central Asia Institute, kikaendelea kujenga nyingine Pakistani na Afghanistani, hasa kwa ajili ya wasichana. Kitabu kilinunuliwa na mamilioni ya watu. Michango ikamiminika. Hata watoto wa shule walichanga senti zao.

Tuhuma zilikuwa zipi?

Tarehe 17 Aprili 2011, kipindi cha televisheni ya Marekani kiitwacho 60 Minutes kilitoa tuhuma nzito. Mwandishi Jon Krakauer, ambaye mwenyewe alikuwa amekichangia chama hicho dola 75,000, naye aliandika. Walisema mambo matatu:

1. Mortenson hakufika Korphe safari ile, alifika baadaye. Tena wale aliosema walimteka nyara mwaka 1996 walikuwa wenyeji wake tu.

2. Fedha za chama zilitumika kutangaza vitabu vyake.

3. Baadhi ya shule zilikutwa tupu, au hazipati msaada wowote.

Mortenson alijibu kuwa anasimama na kitabu chake. Ila alikiri kuwa matukio ya muda mrefu yalibanwa yakaonekana ya muda mfupi.

Sasa tupime

Mkulima akipeleka pamba kwenye mizani, hapimi lundo zima mara moja. Hupima gunia kwa gunia, na jicho liko kwenye mshale. Na sisi tufanye hivyo.

Gunia la kwanza ni hadithi. Wasomaji wengine walifungua kesi wakidai wamedanganywa. Mwaka 2012 jaji aliifuta. Angalieni hapa: kufutwa kwa kesi si kusema kitabu ni kweli. Lakini mwandishi akikiri mwenyewe kuwa mambo yamebanwa, basi hatuwezi kukisoma kama taarifa kamili ya yaliyotokea.

Gunia la pili ni fedha. Hili lilipimwa kwa daftari. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana alikagua hesabu, akatoa taarifa Aprili 2012. Chama kilitumia karibu dola milioni 4 kununua vitabu vya Mortenson. Bodi ilikuwa na watu watatu tu, yeye akiwa mmoja wao. Nani angemuuliza? Alikubali kurudisha zaidi ya dola milioni 1, akaacha uongozi. Hakushtakiwa kwa jinai.

Gunia la tatu ni shule. Zipo zilizokutwa tupu, na zipo zilizosomesha watoto. Mwanasheria Mkuu huyohuyo alikiri kuwa kazi ya chama ilikuwa na maana.

Kwa hiyo asemaye "yote uongo" amekosea, na asemaye "wanamwonea wivu tu" naye amekosea. Wema wa kazi haufuti kosa la hesabu. Wala kosa la hesabu halibomoi darasa lililokwisha jengwa.

Na kwetu je?

Tunachanga kwa shule, zahanati na visima. Mara minong'ono inaanza: mwenyekiti kala pesa! Kabla ya kumpaka mtu matope, au kumtetea kwa kuwa ni ndugu yetu, tuulize: Nani kasema? Kaona, au kasikia? Mtuhumiwa kajibu nini? Daftari linasema nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likisomwa mbele ya mkutano humlinda mchangaji, na humlinda kiongozi mwaminifu pia.

Wala gazeti hili msiliache nje. Nalo lipimeni.

Maswali ya kujadiliana

1. Tuhuma na ushahidi vinatofautianaje?

2. Kwa nini kufutwa kwa kesi hakukuthibitisha kuwa kitabu ni kweli?

3. Katika kijiji chenu, nani hukagua hesabu za michango? Zilisomwa lini mara ya mwisho?