Upepo Ndani ya Gari

Sikonge iko kusini mwa mji wa Tabora, katika nchi ya miombo. Ukitoka Sikonge kupitia Ipole kuelekea Rungwa, utapita msituni mwendo mrefu. Humo wamo mbung'o, ambao watu wengine huwaita ndorobo. Mbung'o hufyonza damu, na baadhi yao huambukiza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya mizigo ya misafara ya zamani katika njia ya Tabora ichukuliwe na wapagazi mabegani mwao, wala si kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Mbung'o huvutwa na kitu kikubwa kinachokwenda. Kwa hiyo hulifuata gari, na dereva huwaambia abiria wafunge madirisha. Je, hewa safi itaingilia wapi?

Magari ya Land Rover ya zamani yalikuwa na vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele. Dereva alivifungua, na gari lilipokwenda upepo uliingia wenyewe kupitia wavu uliozuia wadudu. Gari liliposimama, upepo nao ulikoma. Magari ya siku hizi yana feni inayozungushwa na mota ndogo ya umeme. Feni huvuta hewa na kuisukuma katika njia iliyo nyuma ya dashibodi, mpaka itokee kwenye matundu mbele ya abiria na chini ya kioo.

Tuseme gari limembeba mgonjwa. Jua ni kali, madirisha yamefungwa, na matundu hayatoi upepo. Au ni wakati wa mvua: mvuke wa pumzi za abiria umepoa kwenye kioo na kuwa matone madogo, hata dereva haioni njia. Ni lazima asimame atafute kosa. Kabla ya kumsaidia, fanya jaribio hili.

Jaribio

Chukua chupa tupu, faneli na udongo wa mfinyanzi uliolowa. Tia faneli katika mdomo wa chupa, kisha uzibe kwa udongo nafasi yote iliyobaki. Mimina maji mengi kwa haraka katika faneli. Unaona nini? Maji hukawia ndani ya faneli, kwa sababu chupa si tupu hasa. Imejaa hewa isiyo na pa kutokea. Sasa toboa udongo kwa kijiti. Hewa inatoka na maji yanashuka.

Ndivyo ilivyo katika gari. Hewa mpya haiingii vizuri kama hewa ya zamani haina pa kutokea. Magari mengi yana matundu ya kutolea hewa upande wa nyuma. Yakizibwa na magunia ya mizigo, feni hujitahidi bure. Kuyapima ni rahisi: fungua dirisha moja kidogo. Ikiwa upepo wa mbele unaongezeka mara moja, kosa liko nyuma.

Kutafuta kosa

Fundi mzuri huanza kwa masikio. Huwasha feni na kusikiliza.

Feni ikiwa kimya kabisa, huenda umeme haufiki kwenye mota, au mota yenyewe imekufa. Fundi hutazama fyuzi kwanza. Fyuzi ina waya mwembamba uliowekwa makusudi ili uungue kabla nyaya nyingine hazijaungua. Iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya kiasi kile kile. Wako watu wanaofunga waya mnene au karatasi ya bati ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Hao wanaweza kuliunguza gari zima. Feni ikizunguka katika mwendo wa juu tu, mara nyingi kilichoharibika ni kifaa kinachopunguza umeme uendao kwenye mota.

Feni ikivuma lakini upepo ni hafifu, njia imezibwa. Katika barabara za vumbi, mkosaji wa kwanza ni chujio la hewa. Hili ni karatasi nene iliyokunjwakunjwa, na katika magari mengi limewekwa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Fundi huzima gari, hulitoa, na kulielekeza kwenye mwanga. Ikiwa mwanga haupenyi, hewa nayo hupenya kwa shida. Akiwa safarini anaweza kulikung'uta nje ya gari, mbali na pua yake, lakini akifika mjini hununua jipya.

Chujio likiwa safi, hutazama chini ya kioo cha mbele, mahali hewa inapoingilia. Gari linalolala chini ya mwembe hujaa majani hapo, na panya hupapenda kwa kiota. Katika gari lenye kiyoyozi, barafu pia huweza kuziba njia. Kiyoyozi kikizimwa na feni ikaachwa izunguke, barafu huyeyuka.

Maswali

1. Kwa nini maji yalikawia ndani ya faneli kabla ya udongo kutobolewa?
2. Feni inavuma, chujio ni safi, lakini upepo ni hafifu. Dereva anafungua dirisha kidogo na upepo unaongezeka. Kosa liko wapi?
3. Funga uzi mwepesi mbele ya tundu la hewa la gari lililosimama, mtu mzima akiwasha feni. Chora uzi ulivyokaa kabla na baada ya feni kuwashwa.
4. Je, chumba chenu cha darasa kina mahali pa hewa kuingilia na pa kutokea? Vionyeshe.