Mtoto Akiuliza Mbona Mbuzi Wametupa Mimba

Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalituletea Homa ya Bonde la Ufa hapa Garissa; mwishoni mwa 2006 ikarudi. Mtoto akiuliza mbona mbuzi wanatupa mimba, wengi wetu twajibu, "Ni kudra ya Mungu," basi. Jibu hilo halimzuii kuokota kile kitoto kilichokufa kwa mikono mitupu, na damu yake huambukiza watu. Tumweleze: mayai ya mbu yenye virusi hukaa udongoni miaka, maji yakituama huanguliwa. Tekeni maji ya dimbwi kwa chupa, ajionee viluwiluwi wakicheza. Sala tusali, na jirani zetu Waislamu waombe dua. Lakini maziwa yachemshwe, na mzoga asiuguse.