MAJI YA UTI WA MGONGO: KWA NINI HUPIMWA?



Katika familia zetu za Tabora wamo warina asali, wapasua mbao na wakulima wa tumbaku wanaokaa porini siku nyingi. Huko, katika miombo ya Urambo na Kaliua, wako mbung'o waenezao malale. Mbung'o ndio waliofanya wanyama wa mizigo wasidumu katika njia ya misafara, babu zetu Wanyamwezi wakabeba pembe mabegani mpaka Bagamoyo.

Malale huanza katika damu. Mgonjwa hupata homa, kichwa humwuma, pengine hutoka kidonda alipoumwa. Baadaye vijidudu huingia ubongoni: mgonjwa husinzia mchana, hukosa usingizi usiku, huchanganyikiwa. Asipotibiwa, malale ya kwetu huweza kumwua katika miezi michache.

Tutajuaje kama ubongo umeguswa?

Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji maangavu. Maji kidogo hutolewa kwa sindano kiunoni, nayo hupimwa mara moja, kwa sababu chembe zilizomo huharibika upesi. Mpimaji huyaweka kwenye kioo chenye miraba midogo, akahesabu kwa darubini chembe nyeupe, yaani askari wa mwili. Kwa mtu mzima mwenye afya hazizidi 5 katika milimita moja ya ujazo. Mgonjwa wa malale akiwa na zaidi ya 5, au vijidudu vikionekana katika maji hayo, ugonjwa umefika ubongoni.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo ndiyo iliyochagua dawa. Suramini hutibu malale ya mwanzo, lakini haifiki vizuri ubongoni. Melasoproli hufika, ila ina arseniki na huweza kumwua mgonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwanza vidonge vya feksinidazoli, kwa hatua zote mbili, kwa wagonjwa wa miaka 6 au zaidi wenye kilo 20 au zaidi. Kwa mtoto mdogo kuliko hapo, hesabu bado ndiyo inayoamua.

Maji hayo hupimwa pia mtoto akiwa na homa, shingo ngumu au degedege. Katika homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria, chembe huweza kufika mamia hata maelfu, maji yakawa na ukungu.

Je, sindano hupoozesha?

Wengi huogopa hivyo, wakamwondoa mgonjwa hospitali. Uti wa mgongo huishia juu ya pale sindano inapoingia. Mganga huangalia kwanza kama ipo sababu ya kutochoma. Baadaye kichwa huweza kuuma siku chache. Anayefariki baada ya kipimo mara nyingi ameuawa na ugonjwa uliocheleweshwa nyumbani.

Basi tukumbuke:

1. Homa isiyosikia dawa ya malaria, rudi hospitali upesi.
2. Mwambie mganga kwamba mgonjwa alikuwa porini.
3. Ukiogopa sindano, uliza ueleweshwe. Usimtoroshe mgonjwa.

Mungu azilinde familia zenu.